Hakuna Aliyemwuliza Anampenda Nani

Wiki hii hatuandiki juu ya mgao wala juu ya karo. Tunaandika juu ya dansi. Tunajua kuna watakaosema, "Hawa vijana wamekosa la kusema." Sawa. Soma mpaka mwisho, halafu useme.

Kuna picha moja ilizunguka sana mwaka jana. Ndani yake yuko binti wa miaka 16 amevaa fulana ya bluu inayomzidi. Karibu naye amesimama kijana mtanashati, dansa wa televisheni, kaweka mkono begani kwa binti. Wote wanacheka. Chini yake waliandika kwamba ndoto ya mkimbizi imetimia, amekutana uso kwa uso na dansa anayempenda kuliko wote. Watu walituma mioyo na mikono ya kuomba. Wengine waliandika kwamba wamelia.

Sisi tulikuwepo. Tulikuwa nyuma ya mpiga picha, tumeshika mifuko ya watu. Na tunasema wazi: yaliyoandikwa chini ya ile picha si kweli. Yule si dansa anayempenda. Dansa anayempenda alikuwa amekaa ndani ya basi la kikundi chao, kama hatua sitini hivi kutoka pale, anakula ndizi dirishani. Binti alimwona. Hakuna aliyemwuliza anampenda nani.

Hilo ndilo tunaloandikia leo.

Kwanza mtujue. Wengi wetu katika kikundi hiki tulivuka mpaka mwanzoni mwa 2008, baada ya ile vurugu ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Wengine walipitia Busia, wengine Malaba. Tulikuwa wadogo, wengine tulibebwa mgongoni. Tulipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, tukalala chini ya maturubai, baadaye tukahamishiwa Kiryandongo, karibu na mji wa Bweyale. Ndiko tuliko mpaka leo, pamoja na ndugu zetu wa Sudan Kusini na wa Kongo. Huyo binti tunayemwita mdogo wetu alizaliwa Mulanda mwaka huohuo wa 2008. Mama yake alivuka akiwa na mimba. Kenya hajawahi kuikanyaga. Jina lake hatulitaji. Amesoma maandishi haya kabla yenu, akafuta sehemu mbili, zilizobaki akasema sawa.

Mdogo wetu ni shabiki. Tunataka neno hili lieleweke vizuri, maana kwenye fomu za mashirika halipo. Kuna mkimbizi, kuna mnufaika, kuna mtoto aliye hatarini, kuna kijana mwenye kipaji. Shabiki hakuna. Shabiki ni mtu anayejua kitu kimoja kwa undani kwa sababu anakipenda, na hakuna aliyemtuma.

Alianzia kwenye kibanda cha video. Pale kwetu watu hulipa kutazama mpira. Kabla mechi haijaanza mwenye kibanda huweka video za dansi ili watu waingie mapema. Basi mdogo wetu alikuwa anaingia kwa ajili ya dansi, mpira ukianza anatoka. Mwenye kibanda akamzoea, akaacha kumtoza. Hapo ndipo alipokiona hicho kikundi kutoka Kenya, kikicheza katika shindano la televisheni. Wachezaji wanane, na mbele yuko huyo kijana mtanashati ambaye kila mtu anamjua. Lakini yeye macho yake yalikwenda nyuma, kwa dada mmoja, wa tatu kutoka kushoto, mwenye soksi za rangi mbili.

Tulimwuliza kwa nini huyo. Akasema, siku moja kwenye shindano huyo dada alikosea. Wenzake waligeukia huku, yeye akageukia kule. Hakusimama wala hakutazama wenzake. Aliendelea na kosa lake kama ndivyo walivyopanga, mpaka wenzake wakazunguka wakamkuta. "Majaji hata hawakuona," akasema, "mimi niliona." Tangu siku hiyo kwa miaka mitatu alikuwa anamfuatilia dada huyo tu. Kuna hatua moja ya mguu ambayo aliifanyia mazoezi nyuma ya shule, chini ya mwembe, mpaka viatu vikaisha. Haikumkubali. Mguu ulikuwa unafika kabla ya ngoma au baada ya ngoma. Alikuwa na swali moja tu, miaka yote hiyo: ule mguu unaanzia wapi?

Sasa likizo ikafika na habari ikaja kwamba kikundi hicho kitakuja Tororo, kwenye siku ya vijana wa mpakani, na shirika moja litachukua vijana watano kutoka kwetu. Shirika hatulitaji. Si kwamba tunaogopa. Tunasema hivyo kwa sababu tumeshaona mambo haya yakifanywa na zaidi ya moja. Mdogo wetu akachaguliwa. Kaka yake mkubwa, ambaye ni mmoja wetu wa kujitolea, akapewa kazi ya kusindikiza. Tulipitia Lira, Soroti, Mbale, safari ya siku nzima. Yeye hakulala hata kidogo. Alikuwa na daftari, na swali ameliandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, asije akashikwa na woga akasahau.

Tororo tulikaa juani kuanzia saa tatu asubuhi. Mwamba wa Tororo ule pale, sisi tuko chini, tumevalishwa fulana. Walitupanga kwa urefu. Walitufundisha kupunga mkono. Basi la wachezaji likafika baada ya saa saba. Akashuka yule wa mbele peke yake, akapelekwa kwa wakubwa, kisha akaletwa kwetu. Dada wa shirika akamshika mdogo wetu mkono: "Wewe, njoo, simama hapa. Cheka. Cheka zaidi kidogo." Mdogo wetu akafungua mdomo aseme kitu, akaambiwa, "Baadaye, mpenzi, sasa hivi tuna dakika chache." Zikapigwa picha. Kijana wa watu akasema, "Asante, mbarikiwe," akaondoka kwenda kula na wageni rasmi. Kaka yake alihesabu kwa simu: dakika tatu kasoro. Hiyo baadaye haikuja.

Hatumlaumu yule dansa. Alikuwa mchovu, alikuwa anasukumwa kama sisi. Hata dada wa shirika hatumchukii, naye ana bosi wake anayengoja picha. Tunalaumu mpango. Ulipangwa na watu wengi, ukapitishwa kwenye mikutano, na katika mikutano yote hiyo hakuna hata mmoja aliyesema, "Hebu tumwulize huyu mtoto anataka nini kwa huyo msanii." Swali la sekunde tano. Angejibu, "Si huyo, ni yule wa soksi," na siku nzima ingekuwa siku nyingine.

Usiku ule tulilala Tororo. Mdogo wetu hakulia. Aliuliza tu: "Kesho wanarudi kwao kupitia Busia?" Ndiyo. Walikuwa na onyesho lingine saa tisa upande wa Kenya. Basi tukachanga. Hela ya chakula cha njiani tuliyopewa tukaifanya nauli, na asubuhi na mapema tukapanda taksi, ile ambayo ng'ambo wanaiita matatu, tukashuka Busia.

Kwa wasioijua Busia: ni mji mmoja wenye nchi mbili. Malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wamekaa na vibunda, akina mama wana mabeseni ya samaki na nyanya, wanavuka asubuhi wanarudi mchana. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Tangu Februari 2018 kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa na marais wawili, unagongewa mhuri mahali pamoja unaendelea na safari. Mganda anavuka kwa kitambulisho chake cha taifa, Mkenya vilevile.

Sisi tulikaa upande wa Uganda, kwenye kibanda cha chapati, tukitazama barabara.

Basi lao likaja likaegesha, dereva akaenda na karatasi zake. Na hapo, jamani, akashuka mtu mmoja peke yake. Hakuna aliyemgeukia. Hakuna aliyetoa simu. Alikuwa amevaa kandambili na kanga begani, akaja moja kwa moja kwenye kibanda chetu, akamwambia kijana wa chapati, "Nifungie rolex mbili, kwetu hawajui kuzitengeneza." Sisi hatukumtambua. Mdogo wetu alimtambua kwa namna alivyosimama, uzito wote mguu mmoja.

Akanyanyuka. Daftari lilikuwa kwenye mfuko na hakulifungua. Akasema, "Shikamoo dada. Ule mguu wa kulia, kabla hamjageuka, unaanzia wapi?"

Yule dada alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake la nyumbani ugenini. Akauliza, "Mguu upi?" Mdogo wetu akamwonyesha, palepale kwenye vumbi, karibu na jiko. Dada akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema, "Sio wa kulia, ni wa kushoto! Wewe ulijifunza kwenye televisheni?" Ndiyo. "Basi ulikuwa unatutazama kama unajitazama kwenye kioo. Mkono wetu wa kushoto wewe unauona uko kulia kwako. Hata mimi nilianza hivyohivyo, mwaka mzima nilicheza kinyume."

Miaka mitatu. Chini ya mwembe. Viatu vimeisha. Tatizo lilikuwa hilo tu, na hakuna video ambayo ingemwambia, maana video ndiyo iliyomkosesha. Ilibidi mtu asimame kando yake, watazame upande mmoja. Dada akavua kandambili, akasimama bega kwa bega naye, wote wamewapa malori mgongo, wakahesabu. Mara ya nne mguu ukaingia. Kijana wa chapati akapiga makofi kwa kijiko. Dada akamwuliza jina, akalirudia. Akamwuliza juu ya ile siku ya kukosea, na mdogo wetu akamwambia, "Mimi niliona." Dada akanyamaza kidogo. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Ilikuwa kama dakika kumi na mbili. Hatuna picha hata moja. Simu za wengine zilikuwa zimezima, na mwenye chaji alisahau kwamba ana simu.

Dereva akaita. Dada akakimbia na rolex zake, na akiwa mlangoni akapaza sauti: "Saa tisa, njooni mtuone, ni pale tu ng'ambo!"

Hakujua. Angejuaje? Anatuona tunaongea Kiswahili kama yeye, tuko hatua chache kutoka kwao. Lakini sisi tuna kadi ya mkimbizi, na kadi hiyo haivushi mtu. Kuna hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo inachukua muda na hela kuipata, na hata ukiipata, mkimbizi haipewi kwa ajili ya kurudi nchi aliyoikimbia. Ukienda huko bila utaratibu wanaweza kuuliza kama bado unahitaji ulinzi. Kwa hiyo kwa sisi tuliotoka Kenya, kati ya mipaka yote ya Uganda, mpaka ambao tunasikia muziki wake ndio ambao hatuuvuki. Hata huyu aliyezaliwa Mulanda, ambaye hakukimbia kitu chochote kwa miguu yake.

Mmoja wetu akasema, "Si kuna njia za panya? Watu wanapita kila siku, tunaenda saa moja tunarudi." Tunakiri, tulishawishika. Tulimtazama mdogo wetu. Akasema, "Hapana. Sitaki kumwona nikiwa nimejificha."

Saa tisa spika zikaanza ng'ambo. Maneno hayakufika, ngoma ilifika. Mdogo wetu akasimama nyuma ya kibanda, akacheza onyesho zima, kwa mguu wa kushoto. Alijua mpangilio wote. Kisha tukapanda gari tukarudi.

Baada ya wiki mbili ile picha ya Tororo ikatoka. Jina lake la kwanza lilikuwepo, na makazi yake, na kwamba ni yatima wa baba. Shuleni wakamwita "Ndoto Imetimia." Akipita wanasema, "Ndoto Imetimia, leta soda." Jamaa wa mbali wakapiga simu kwa mama yake wakiuliza amelipwa ngapi. Mama alikuwa ameweka sahihi karatasi ya ruhusa, ndiyo, karatasi ya Kiingereza, na yeye Kiingereza hasomi. Aliambiwa ni ya safari. Tukaomba picha iondolewe. Iliondolewa baada ya wiki tatu, na kwa upole, tunashukuru. Lakini ilikuwa imeshasambaa.

Sasa tuingie kwenye hoja, maana tunajua mtakayosema.

Wa kwanza watasema: watu hawana chakula, ninyi mnalia juu ya dansa. Ndugu, sisi ndio hatuna chakula. Tangu 2023 mgao Uganda umegawanywa kwa makundi, na kuna familia za kwetu zilizotolewa kabisa. Hatuhitaji kukumbushwa. Lakini mbona hoja hiyo huja tu pale tunapodai heshima, na haiji pale mnapokodi magari, mnapochapisha fulana, mnapoleta spika? Siku ile ya Tororo ilikula hela, na hatukuiomba sisi. Kama dansi ni upuuzi, msiandae. Kama si upuuzi, iandaeni kwa ajili ya anayeipenda.

Wa pili watasema: picha ndizo zinazoleta misaada, bila picha wafadhili hawaoni. Hii hoja tunaiheshimu, si ya uongo. Kati yetu wapo waliosomeshwa kwa sababu mtu fulani aliona picha. Lakini basi semeni ukweli: hiyo ni kazi. Yule binti alifanya kazi siku nzima juani, akavaa sare, akacheka kwa maagizo. Mwambieni kabla, "Tunahitaji picha, utatusaidia?" Huenda angekubali. Yeye ni mkarimu kuliko sisi. Msichoweza ni kuchukua kazi hiyo, halafu mkaiita zawadi yake.

Wa tatu ni wazee wetu wenyewe: ati vijana mnaabudu mastaa, someni vitabu. Wazee wetu, shikamooni. Mdogo wetu hakwenda kuabudu. Aliuliza swali la mguu. Mtu anayeabudu haulizi kitu, anaomba mkono uwekwe begani apigwe picha. Mkitaka kujua tofauti ya shabiki na mwabudu, ni hiyo.

Tena kuna mfano mkubwa uko hapahapa Uganda na wote mnaujua. Ghetto Kids wa Kampala. Walianza kujulikana 2014 na video ya Sitya Loss ya Eddy Kenzo, watoto wa mtaani na wa familia maskini, wakiongozwa na Dauda Kavuma, mwalimu wa hesabu ambaye naye maisha ya mtaani aliyapitia. French Montana, rapa wa Marekani mzaliwa wa Moroko, aliwaona kwenye video. Hebu fikirini hapo: nani alikuwa shabiki? Ni yule tajiri. Akapanda ndege akaja Uganda, na kwenye video ya Unforgettable ya 2017 amecheza nao barabarani, kwa hatua zao. Hatusemi yeye ni malaika, na ile ilikuwa biashara pia, tena biashara kubwa. Tunasema alijua amekuja kwa nani na kwa kitu gani. Alikuja kwa ajili ya kucheza kwao, na kucheza ndiko kulikoonekana.

Halafu 2023 Uingereza, kwenye Britain's Got Talent, jaji Bruno Tonioli alibonyeza kitufe cha dhahabu wakiwa bado wanacheza. Hakungoja wamalize. Miguu ilimtosha. Sisi tulilipia kibanda siku hiyo, na kelele zilizopigwa pale Kiryandongo hamjazisikia hata siku ya fainali ya mpira.

Na sasa tujigeukie wenyewe, maana itakuwa unafiki tukimaliza hapa. Siku ile Tororo, yule wa mbele alipopita, sisi wa kujitolea tuliinua simu zetu kama watu wengine. Mmoja wetu alimsukuma mtoto ili apate nafasi. Picha ya mdogo wetu ilipotoka, wawili wetu waliisambaza kabla ya kusoma maneno ya chini, na yule aliyeanzisha "Ndoto Imetimia" anakaa kwenye kikundi hiki. Ameomba msamaha. Na kabla ya safari, sisi pia tunaokaa naye kila siku hatukumwambia mtu wa shirika, "Jamani, anayempenda ni yule wa nyuma." Tulijua. Tulinyamaza kwa sababu tuliogopa nafasi ya safari isije ikapewa wengine. Kwa hiyo kichwa cha maandishi haya kinatuhusu na sisi.

Tunachodai si kikubwa. Kwa wanaopanga:

Mkileta msanii, ulizeni kwanza nani ni shabiki wake, na wa nani hasa, na ana neno gani naye. Andikeni jina la huyo msanii kwenye mpango, hata kama anacheza safu ya nyuma.

Wekeni muda usio na kamera. Saa moja, au hata dakika kumi na mbili. Sisi tumeshapima, zinatosha.

Karatasi ya ruhusa isomwe kwa sauti, kwa lugha ya mama anayeweka sahihi, na picha aione kabla haijatoka. Akisema hapana, iwe hapana, na safari isifutwe kwa sababu hiyo.

Na kwa wale wa mpakani: mnapoweka jukwaa Busia, kumbukeni kuna watu ambao hawavuki. Mnaweza kuleta onyesho moja upande huu. Ni mwendo wa kumaliza chapati moja. Hatuombi mvunje sheria, tunaomba msogeze spika.

Kwa wenzetu vijana: mtu akipenda kitu, usimcheke. Na kama unajua anachokipenda, mseme mahali ambapo yeye hawezi kufika.

Mdogo wetu sasa anafundisha watoto kumi na wanne chini ya ule mwembe, Jumamosi saa kumi. Kitu cha kwanza anachowafundisha ni kutomtazama usoni. Anawaambia wasimame nyuma yake, watazame upande anaotazama yeye, ndipo aanze kuhesabu. Yule dada wa soksi hatuna namba yake na hatumtafuti kwa fujo. Lakini kama kuna mtu anayesoma hapa na anamjua, mpe ujumbe mmoja tu: mguu umeingia.

Atakayekuja kututembelea na kamera, karibu sana. Aje Jumamosi, akae nyuma na wengine, ajifunze kwanza ule mguu. Baada ya hapo tutaongea habari ya picha.